Siku moja maishani mwangu: kinanda, maabara na ilimba ya Babu

Saa 10:45 alfajiri

Kengele ya simu inatetema chini ya mto ili isimwamshe mwenzangu wa chumba. Tumepanga Ng'ong'ona, jirani na chuo, kwenye chumba ambacho vumbi la Dodoma huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Ndiyo maana kinanda changu hulala kimejifunika khanga mbili kama mgonjwa. Nakifunua, navaa hedifoni, napiga skeli na mazoezi ya vidole kwa dakika 40. Kibao kimoja cha juu hukwama nikikibonyeza kwa nguvu, basi nimejifunza kukigusa kwa adabu.

Huu ndio muda pekee wa siku ambao ni wa muziki mtupu. Vidole ni kama mwenye duka la mtaani unayemkopa: ukipita siku mbili bila kulipa, anakuita kwa jina mbele za watu.

Kwa ambao hawanifahamu: digrii ya kwanza nilisoma muziki, chuo cha Makumira, kule Usa River. Sasa niko mwaka wa pili UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, uhandisi wa mawasiliano. Watu wakisikia hivyo wananipa pole, wakidhani nimejutia muziki. Sijaujutia. Kidato cha sita nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), na fizikia niliyoipenda zaidi ilikuwa ya mawimbi. Nilitaka vyote viwili, nikaanza na kile ambacho baba hakukitaka.

Saa 1:15 asubuhi

Chai ya rangi na chapati mbili kwa mama wa pale njiani. Kila wiki ananiuliza swali lilelile: "Mwanangu, ukimaliza utakuwa mwimbaji au injinia?" Leo nimemjibu, "Fundi redio anayeimba, mama." Amecheka mpaka akasahau kunirudishia chenji, na mimi nikaona haya kumkumbusha.

Kuna vyuo ambako swali hilo lina utaratibu wake. Oberlin, kule Ohio, Marekani, mwanafunzi anaweza kusoma digrii ya muziki pamoja na ya fani nyingine, akatoka na zote mbili kwa miaka 5. Mimi nimezisoma moja baada ya nyingine: mitatu ya muziki, na hii ya uhandisi ni minne. Jumla saba, na hii ya pili ada najilipia. Nikichoka huwa namkumbuka Brian May, mpiga gitaa aliyekuwa bendi moja na Freddie Mercury, yule mzaliwa wa Zanzibar. Alianza shahada ya uzamivu ya fizikia ya anga mwaka 1970, akaiacha kwa ajili ya muziki, akaja kuimaliza 2007, mwaka uleule ambao UDOM yetu ilianzishwa. Kwa hiyo bado sijachelewa sana.

Saa 2:00 asubuhi

Kipindi cha Ishara na Mifumo. Somo hili limewatoa watu machozi tangu muhula uanze, nami nimo: jaribio la kwanza nilipata 11 kati ya 20. Niseme ukweli hapa, kwa sababu nimewahi kusikia watu wakidai kwamba muziki unafungua akili ya hesabu. Kukokotoa intigro muziki haujanisaidia hata chembe. Nimekaa nazo usiku kama wenzangu.

Ila leo mwalimu ameandika ubaoni jambo ambalo nilikutana nalo Makumira kwa jina jingine: wimbi lolote linalojirudia, hata liwe na umbo la ajabu kiasi gani, unaweza kulichambua ukapata mawimbi laini mengi, la kwanza likitetema mara moja, la pili mara mbili, la tatu mara tatu, na kuendelea. Fourier, Mfaransa aliyeleta wazo hili, hakuwa akishughulika na muziki. Alikuwa akichunguza jinsi joto linavyosafiri ndani ya vitu, na kitabu chake kilitoka 1822. Wenzangu walikuwa wananakili haraka haraka. Mimi nilikuwa nimeacha kuandika, nasikiliza mgongoni mwa maneno yake akina mama wa kwaya yetu.

Maana hiyo ngazi, moja, mbili, tatu, nne, ndiyo ngazi ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, aliandika kwamba uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo za asili, kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Nilimsoma mwaka wa pili wa muziki, nikajibu mtihani, nikapata alama yangu, nikamsahau. Na mimi ni Mgogo!

Saa 5:00 asubuhi

Maabara. Nimeunguza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwa chuma cha kulehemia. Malengelenge yametokea palepale. Kwa injinia hilo ni jambo dogo. Kwa mpiga kinanda mwenye mazoezi ya kwaya saa 12 jioni ni msiba. Fundi wa maabara ameniambia nipake dawa ya meno, nikakataa, nikakimbilia bombani na kukaa na kidole chini ya maji hadi mwenzangu akamaliza kuunganisha saketi yote peke yake. Kwenye ripoti tutaandika majina mawili.

Mchana: ugali na mlenda, nimelala nusu saa juu ya daftari. Sina la kuongeza.

Saa 9:00 alasiri

Daladala hadi mjini, kisha bajaji hadi Chang'ombe kwa Babu. Si babu yangu wa damu, ila kwa Kigogo hesabu za undugu huwa hazikosi kupatikana. "Mbukwenyi," nasalimia. "Mbukwa, mjukuu wangu. Umekuja na ile simu yako?"

Nimekuja nayo. Kwa wiki tatu sasa namrekodi Babu akipiga ilimba. Ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake, unavipiga kwa vidole gumba. Ndicho chombo alichokipeleka nje ya nchi marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa kwetu Dodoma, aliyefariki 2003. Babu anapotaka kurekebisha sauti hashiki kinanda wala kifaa chochote. Anachukua nyundo ndogo, anagonga kichwa cha chuma taratibu ili kiingie ndani kidogo, sehemu inayotetema inakuwa fupi, sauti inapanda. Akizidisha, anagonga upande wa pili kukirudisha. Anagonga, anapiga, anainamisha kichwa, anagonga tena. Leo chuma kimoja kimemchukua karibu dakika 10, na katikati yake ameingia jirani kuomba chumvi, Babu hakuinua macho.

Wiki iliyopita nilimwonyesha picha ya sauti zake kwenye kompyuta. Nilikuwa na furaha, maana nilikuwa nimeandika programu ya kuondoa ule mlio wa zzz unaofuatana na kila noti. Darasani tunaita kelele, na kazi ya injinia wa mawasiliano, ukiisema kwa ufupi, ni kupambana na kelele. Babu alisikiliza rekodi niliyoisafisha mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani amekufa?"

Akageuza ilimba akanionyesha. Kwenye sanduku kuna vitobo vidogo, na juu ya kila kitobo amebandika utando wa buibui, ule mweupe mzito wa mahali buibui anapofunika mayai, unaofanana na karatasi laini. Huo ndio unaotoa mlio wa zzz. Anautafuta mwenyewe, kwenye kuta za stoo na chini ya mapaa, na ukipasuka anaacha kupiga hadi aupate mwingine. Yaani mimi nilikesha siku mbili nikiondoa kitu ambacho mzee wa miaka zaidi ya 70 hupanda ngazi kukitafuta.

Leo basi sikusafisha chochote. Nimeomba apige chuma kimoja kimoja, nikasoma mitetemo kwa sekunde: 220, 276, 330, 386, 441. Igawe kila moja kwa 55 uone. Unapata nne, tano, sita, saba, nane, zikiwa zimepungukiwa au kuzidi kwa unywele tu. Kwa sikio. Kwa nyundo.

Sasa angalia hiyo 386. Kwenye kinanda changu kibao cha karibu nayo zaidi kinatoa 392. Tofauti ni mitetemo 6, zaidi kidogo ya robo ya nusu toni. Ukiitamka harakaharaka ni ndogo, lakini mtu yeyote mwenye masikio anaisikia. Kwenye solfa, ule uandishi wa do, re, mi, noti hiyo tunaiandika "ta", yaani "ti" iliyoshushwa nusu toni.

Saa 12:00 jioni

Kwaya ya akina mama, parokia moja ya pembezoni mwa mji. Mimi ndiye mpiga kinanda na msaidizi wa mwalimu, posho yake ndiyo inayolipa nauli na vocha. Nje, nyuma ya ukumbi, wanazipasha ngoma kwa moto wa maboksi ili ngozi ikaze. Ni ngoma za muheme, ambazo kwetu ni za wanawake: unasimama, unaibana ngoma katikati ya mapaja, unapiga kwa mikono.

Kuna wimbo mmoja wa Kigogo tunaouandaa kwa ajili ya Jumapili ya mavuno. Kila tukifika ubeti wa pili, alto, wale wa sauti ya chini ya wanawake, wanaishusha "ta". Kila mara. Nilipojiunga mwaka jana, nikiwa na cheti changu bado kinanuka wino, niliwasimamisha nikawabonyezea ile noti kwenye kinanda mara kumi, kumi na tano. "Mama zangu, mnashuka. Sikilizeni." Waliitikia "sawa mwalimu", wakaipandisha kwa heshima yangu, na wimbo ukawa kama sare ya shule iliyopigwa pasi. Wiki iliyofuata ikarudi chini. Nikaandika kwenye daftari langu: alto, sikio dhaifu.

Leo nimeweka simu juu ya kinanda, nikawaomba waimbe bila mimi. Alto wamefika pale. Simu: 387. Mara ya pili, 385. Mama mmoja wa mstari wa mbele, ambaye hajawahi kuona nota maishani mwake, ametua kwenye chuma cha Babu.

Sikuwaambia kitu, maana ningeanzia wapi? Nimeketi, nikaitoa ile noti kwenye kodi zangu zote, yale mafungu ya noti ninazobonyeza kwa pamoja. Mkono wa kushoto unashika "do" na "so" tu, wa kulia unakaa kimya pale alto wanapoingia. Kinanda hakiwezi kutoa 386, basi kisubiri. Kidole kilichoungua kikapata likizo kwenye nusu ya wimbo, jambo ambalo sitalificha kwamba lilinifurahisha pia.

Tulipomaliza, mwenyekiti wa kwaya amekuja: "Dada, leo kinanda kimepungua, kina shida?" Nimemwambia kidole kinauma. Mama wa mstari wa mbele alikuwa anafunga khanga yake kiunoni. Akasema, bila kunitazama, "Kipungue hivyohivyo."

Saa 4:20 usiku

Ripoti ya maabara inatakiwa kesho saa 2. Mwenzangu ameniachia sehemu ya majadiliano kwa sababu yeye aliunganisha waya, ni haki yake. Swali la mwisho linasema: eleza chanzo cha kelele kwenye saketi yako na namna ulivyoipunguza. Nimeandika chanzo. Nimeandika kichujio. Nimeandika kelele ilishuka kwa kiasi gani.

Kwenye daftari lile jingine nimefuta "alto, sikio dhaifu". Kalamu ilikuwa ya wino, kwa hiyo bado inasomeka. Pembeni yake nimeandika 386.

Kinanda kimefunikwa. Kengele ni saa 10:45.