Nilivyoiwezesha pampu yangu kutumia spiriti

Kiangazi kilichopita shemeji aliniachia madumu matatu ya spiriti, ile ethanoli ya majiko ya kupikia, baada ya biashara kumshinda. Mimi nalima nyanya kando ya Mto Lukuledi, huku Mtama, na pampu yangu ni ya petroli, silinda moja. Lita 60 zikae stoo huku miche inanyauka? Nilishindwa kuvumilia.

Siku ya kwanza nilimimina tu, nikavuta kamba. Iliwaka kwa taabu, ikapiga misi, ikazima. Nikavuta tena, safari hii choki nimeiacha nusu. Ikatulia. Hapo nikaelewa: choki hupunguza hewa, kwa hiyo injini ilikuwa inalilia mafuta. Kilo moja ya petroli huungua vizuri kwa hewa kilo 14.7 hivi, lakini ethanoli hutaka kilo 9 tu. Kwa pumzi ileile, injini inahitaji ethanoli kama mara moja na nusu ya petroli, na jeti ya petroli, yaani kile kipande chenye tundu dogo ndani ya kabureta linalopitisha mafuta, haiwezi kupitisha kiasi hicho.

Hapa wengi huharibu. Kinachotakiwa kuongezeka mara moja na nusu ni eneo la tundu, si upana wake. Upana ukiongezeka karibu robo inatosha. Jeti yangu ilikuwa ya milimita 0.7, kwa hiyo nililenga kati ya 0.85 na 0.9. Nilinunua jeti nyingine ya kutoboa, ya zamani nikaihifadhi.

Keekee nyembamba hivyo nilizipata kwa sonara mmoja Lindi mjini. Mzee yule aliibana jeti kwenye kipande cha mti, akanipa kishikio cha mkono. "Usisukume, mwanangu. Zungusha tu, shaba itakuja yenyewe." Vumbi la shaba lilidondoka kama unga wa dhahabu kwenye karatasi yake nyeupe. Tulianza na 0.8.

Kwa 0.8 injini bado ilitaka choki kidogo. Kwa 0.85 ilienda choki ikiwa wazi, ila mzigo wa maji ukiongezeka inalegea, na plagi ilitoka nyeupe kama chokaa. Sikuiacha inguruke muda mrefu hivyo, maana mchanganyiko mkavu, wenye hewa nyingi na mafuta machache, huunguza valvu. Kwa 0.9 ikavuta maji hadi mwisho wa shamba. Skrubu ya silensa, ile ya kabureta inayorekebisha mafuta injini ikinguruma polepole, niliifungua mzunguko mmoja zaidi. Asubuhi bado huwa ngumu kuwaka, hivyo natia petroli kifuniko kimoja kwenye kabureta kwanza. Mpira wa mafuta ulilainika baada ya wiki mbili, nikaubadilisha. Tanki nalo linaisha mapema kuliko kwa petroli, kwa sababu ethanoli ina nguvu pungufu kwa karibu theluthi.

Jambo ninaloliogopa hadi leo lilitokea mchana wa jua kali. Spiriti ilimwagika karibu na ekzosi. Sikuona moto wala moshi. Niliona majani makavu yakijikunja na kuwa meusi, yanasogea kuelekea dumu. Moto wa spiriti hauonekani juani. Niliwahi kumwaga ndoo ya maji, na tangu siku hiyo tanki linajazwa injini ikiwa imezimwa na imepoa, dumu limebaki kivulini upande wa pili wa mwembe.