Viraka vya Rajah

Leo nimefika Cascades, mjini Hobart, Australia, kwenye lililokuwa gereza la wanawake waliohamishwa kwa nguvu kutoka Uingereza na Ireland. Kilikuwa kiwanda cha pombe, mwaka 1828 kikageuzwa jela. Zimebaki kuta za mawe na baridi ya kupenya mifupani.

Karibu wanawake 25,000 waliletwa Australia hivyo, wengi kwa wizi mdogo mdogo.

Lakini mimi ni fundi cherehani, kilichoninasa ni habari ya meli ya Rajah. Mwaka 1841 ilibeba wanawake 180 hivi kutoka Woolwich hadi hapa, zaidi ya miezi mitatu majini. Kina mama wa kamati ya Elizabeth Fry, Mwingereza aliyewatetea wafungwa wanawake, waliwapa sindano, uzi na vipande vya vitambaa. Wakashona shuka kubwa la viraka 2,815! Chombo kinayumba, jamani. Mimi kwenye daladala tu siwezi kutunga uzi.

Shuka lenyewe liko Canberra, mji mkuu, nimeishia kukuza picha yake kwenye simu. Mishono mingine safi kabisa, mingine unaona mkono bado unajifunza. Kuna vidoa vya kahawia, inadhaniwa ni damu ya vidole vilivyochomwa. Vidole vyangu navyo vina alama zake.