Jinsi nilivyopata mrija wa nyuzi nano ambao seli zinaingia

Natengeneza mshipa bandia wa damu: kwa nguvu ya umeme narusha nyuzi nano, yaani nyuzi nyembamba mno za plastiki, kutoka kwenye sindano hadi zijizungushie fimbo inayozunguka na kuwa mrija, kisha napanda seli humo. Kwa miezi mingi nilifuata ushauri mmoja tu: tengeneza uzi mwembamba, kisha mwembamba zaidi. Walionishauri wananizidi uzoefu, na walisema uzi ukikaribia unene wa nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia tishu za mwili, seli zitaupenda. Nikapunguza ukolezi wa polikaprolaktoni, plastiki ninayoitumia, nikarekebisha volteji hadi kilovolti 18 hivi, nikafikia nyuzi za nanomita 300. Kwenye hadubini ya elektroni zilipendeza mno. Nikapanda seli za misuli laini, nikasubiri wiki mbili, kisha nikakata ukuta wa mrija nitazame. Seli zote zilikuwa zimetanda juu juu kama vumbi kwenye mkeka.

Nyuzi zikiwa nyembamba, matundu kati yake nayo husinyaa, na seli yenye upana wa mikromita 10 haijipenyezi kwenye tundu la mikromita 1 au 2. Jambo jepesi namna hii, na bado naudhika kwamba hakuna aliyenitajia.

Basi nikaugawa ukuta. Upande wa ndani, unaogusa damu, niliacha nyuzi nyembamba ili seli za endothelia, zile zinazotandika ndani ya mshipa, zipate mahali pa kutandaa na damu isivuje. Upande wa nje nikaweka nyuzi nene za mikromita kadhaa, zikirushwa kwa pamoja na nyuzi za plastiki nyingine, polietilini oksidi, kutoka sindano ya pili. Hizo za pili huyeyuka kwenye maji, na zikiondoka zinaacha nafasi. Msizidishe, lakini. Nilipoziweka nusu kwa nusu ukuta ulilegea ukabonyea nilipougusa.

Ila kilichonitesa kuliko vyote ni kuuvua mrija kwenye fimbo. Nilitumia fimbo ya chuma ya milimita 4, kwa sababu tatizo lenyewe liko kwenye mishipa midogo: mirija ya Dacron, kitambaa cha poliesta, hufanya kazi vizuri kwenye mishipa mikubwa, lakini chini ya milimita 6 mirija bandia huziba upesi kwa damu kuganda. Mara ya kwanza nilivuta kwa vidole. Mrija ukajikunja kama soksi, tabaka la ndani likabaki limeng'ang'ania chuma, kazi ya siku nzima ikaharibika. Mara ya pili nikaipasha fimbo moto nikidhani mrija utalegea, na polikaprolaktoni huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 60 tu. Nyuzi zikashikana zikawa plastiki kavu.

Kilichonikomboa ni sukari. Nilichemsha sharubati nzito, nikachovya fimbo, nikaining'iniza huku nikiizungusha hadi ikakauka na kung'aa bila matone. Ukiacha tone moja, mrija utakuwa na kibonyo ndani, na kibonyo huvuruga mtiririko wa damu. Chumba kikiwa na unyevu sukari inanata, kwa hiyo nilikuwa naianika karibu na dawa ya kukausha hewa hadi dakika ya mwisho. Baada ya kurusha nyuzi nilizamisha yote kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwanza, ndipo kwenye maji. Msiruke ethanoli, maana nyuzi hizi hazipendi maji, nayo yataishia nje ya ukuta bila kuifikia sukari. Nilibadilisha maji mara tatu nne. Asubuhi nilipoinamisha fimbo, mrija uliteleza wenyewe ukaangukia kwenye sahani, mzima, mduara kamili. Nilikaa nikiutazama muda mrefu.

Awamu iliyofuata, seli zilifika katikati ya ukuta, na kwa kuwa nilikuwa nimeongeza kasi ya fimbo kuzunguka hivyo nyuzi zikalala kuizunguka, seli nyingi zilijipanga kuzunguka mrija kama misuli ya ateri inavyojipanga. Sasa nashughulikia uso wa ndani. Nimeanza kuufunga na heparini, dawa inayozuia damu kuganda, ili chembe sahani, zile chembe za damu zinazoanzisha mgando, zisinate kabla endothelia haijajaza nafasi yake.