Kofia iliyosukwa kwa dhahabu

Baba yangu alikuwa sonara hapa Mombasa, na mama alishona kofia za viua. Nimekulia kati ya koleo na sindano, ndiyo maana picha ya kofia ya mfalme Wanli wa Uchina haijanitoka moyoni tangu siku nilipoiona.

Wengi huiita taji. Mimi naiita kofia, kwa kuwa wafalme wa nasaba ya Ming, ukoo wake Wanli, walivaa kofia nyeusi ya kitambaa chepesi, yenye masikio mawili yaliyosimama kisogoni, na sura hiyo hiyo ndiyo mafundi waliyoisuka kwa dhahabu: nyuzi 518, kila mmoja unene wa milimita 0.2. Ukiikuza picha unaona vitundu vimepangana sawasawa kutoka ukingoni hadi utosini, utadhani kitambaa. Mama akikosea kitundu kimoja, hufumua. Dhahabu haikupi nafasi hiyo. Uzi ukiukunja na kuukunjua pale pale mara kadhaa, unakakamaa, halafu unakatika.

Nimewahi kuvuta uzi mwembamba namna hiyo. Unaupitisha kwenye bamba la chuma lenye matundu, kutoka kubwa hadi dogo, unauchoma ulainike, unauvuta tena. Kazi ya siku nzima, na haraka haisaidii. Sasa, juu ya wavu huo wamepachikwa majoka wawili wanaogombea lulu, magamba yao yameungwa kwa moto. Moto ukizidi kidogo tu, nyuzi zinajikunja na kuwa tone. Baba, ambaye hakusifu kazi ya mtu ovyo, angeitazama kimya muda mrefu.

Kofia nzima ina kimo cha sentimita 24 na uzito wa gramu 826. Wanli alifariki 1620 akazikwa Dingling, nje ya Beijing. Kaburi lilipofunguliwa 1957, kofia ilikuwa kando ya kichwa chake. Hariri nyingi alizozikwa nazo ziliharibika zilipoguswa na hewa. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao iliyopiga vita mambo ya kale, mifupa yake na ya malkia wake wawili ilitolewa ikachomwa moto hadharani. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Kofia ilisalimika.

Bamba la baba ninalo bado. Wiki iliyopita nilivuta uzi wa fedha nikasuka kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, nyuzi kumi kwa kumi. Kimenichukua siku mbili, na pembe moja imepinda.