Mwindaji akapita

Jana usiku, nikiwa nakaribia kumaliza hadithi ya Kofia Nyekundu, binti yangu alinikatiza: "Mama, na kama mwindaji asingepita?" Nikanyamaza. Swali hilo nilishaletewa zamani, kwa penseli, na mtoto ambaye hakulitamka.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kufundisha. Niliwasomea darasa la tatu Kofia Nyekundu hadi pale mbwa mwitu amelala kitandani kwa bibi, shuka imefika kidevuni, na msichana anashangaa ukubwa wa meno yake. Hapo nikafunga kitabu. Mwisho mtaandika nyinyi. Wakalalamika weee, kisha wakainama. Wengi walileta nilichotarajia: mashoka, polisi, bibi aliyejua karate, hata harusi mbili. Nikasahihisha haraka haraka.

Mmoja aliandika sentensi moja tu: "Mbwa mwitu akamla." Nikamwambia hadithi haijaisha.

"Imeisha, Mwalimu. Alikuwa peke yake."

Nikamshauri, kwa upole, amlete mtu wa kumwokoa. Mwindaji, kwa mfano. Akachukua kifutio. Maneno hakuyagusa; alifuta nukta peke yake, taratibu, akapuliza vumbi lake, kisha akaendelea kuandika, akikandamiza penseli hadi herufi zikajitokeza upande wa pili wa karatasi: "Mbwa mwitu akamla, na mwindaji akapita."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, kalamu nyekundu mkononi. Akapita. Hakubisha hodi, hakugeuza shingo. Nikaandika "Vizuri sana" pembeni. Kengele ikalia, nikakusanya madaftari.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Charles Perrault, aliyeichapisha hadithi hiyo Ufaransa mwaka 1697, aliikomesha palepale alipoikomesha mtoto yule: msichana analiwa, basi, linafuata shairi la maonyo. Mwindaji anayelipasua tumbo la mbwa mwitu kwa mkasi na kumtoa msichana tunaye kutoka kwa ndugu wawili Wajerumani, akina Grimm, mwaka 1812. Kwa hiyo hadithi yake ilikuwa imeisha kweli, nami ndiye niliyemlazimisha aongeze mtu. Lakini hilo silo linaloniuma. Niliipenda sentensi yake, nikaipa alama, na sikumuuliza kamwe ni nani aliyempita yeye. Pengine hakuna. Pengine ilikuwa hadithi tu.

Binti yangu akarudia swali lake. Nikaweka kitabu chini. "Wewe unaona ingekuwaje?" Nikakaa pembeni ya kitanda, nikamsubiri.