Nilivyofanikiwa Kuweka Vitu Vikavu Ndani ya Mashua

Nilipohamia katika mashua yenye chumba kimoja cha kulala, niliamini kwamba adui wa vitu vyangu ni mawimbi, kwa hiyo nilivifungia vyote katika masanduku ya plastiki yenye mifuniko ya kukaza na kuyapanga chini ya kitanda. Baada ya wiki tatu nilifungua sanduku la nguo nikakuta shati limeota ukungu mweusi kwenye kola, ilhali halikuwa limepenya hata tone la maji. Nilikuwa nimelikunja likiwa na unyevu mdogo nisioweza kuuhisi kwa mkono, kisha nikalinyima hewa.

Kosa langu jingine lilikuwa chumvi. Nguo iliyolowa maji ya bahari, hata ikianikwa kutwa nzima, hurudi kuwa na unyevu usiku, kwa sababu chumvi iliyobaki katika nyuzi huvuta maji yaliyo hewani. Sasa nguo ya namna hiyo haivuki mlango wa chumba kabla haijasuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi. Yakiwa haba, hungoja mvua ndani ya ndoo huko nje.

Godoro ndilo lililonisumbua zaidi. Mvuke wa sufuria na pumzi ya mtu aliyelala hugeuka matone yanapokutana na ubao baridi, na mimi nililala miezi miwili bila kujua kwamba upande wa chini ulikuwa umelowa chepechepe. Nilipigilia fito nyembamba zilizoachana kidogo ili hewa ipite chini ya godoro, nikatoboa matundu katika milango ya makabati, na harufu ya uvundo ikaisha.

Hati zangu hukaa katika mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo. Huukamua hewa, kisha huukunja mdomo mara tatu au zaidi. Mfuko uliojazwa hadi juu haukunjiki vizuri, na maji huingia. Kabla ya kuuamini niliutia karatasi kavu, nikauzamisha katika ndoo kwa robo saa.

Vitu vizito nimeviweka chini, karibu na katikati ya chombo. Makopo niliyabandua karatasi zote nikaandika majina kwenye mifuniko kwa wino usiofutika, kwani karatasi hizo zikilowa hubanduka, huelea katika maji ya ngama, yaani yale yanayokusanyika chini kabisa ndani ya chombo, na kuziba pampu ya kuyatoa. Kila kabati lina namba, na daftari moja linaeleza kilichomo. Maboya ya kuvaa, tochi na kisu hukaa mlangoni, na sikubali kitu chochote kilazwe juu yake.

Kila asubuhi, bahari ikiwa shwari, huinua godoro na kupitisha kiganja juu ya ubao, kuanzia kichwani hadi miguuni, kabla ya kutandika.