Wavu Uliodondosha Mwani

Siku ya 24 bila kuvuna, bonge la mwani liling'oka usiku kwenye wavu wa chujio la tangi langu la samaki na kuangukia tangi la chini. Asubuhi lilikuwa limeziba mdomo wa pampu, maji hayapandi tena, na nusu ya wavu iko wazi kama ukuta uliobanduka plasta. Nililitoa na kuligeuza. Upande wa mbele ulikuwa kijani kibichi, nywele zenye urefu wa vidole vinne. Upande wa nyuma, ule ulioshika wavu, ulikuwa rangi ya chai ya rangi, unateleza, na harufu yake ni ya yai viza.

Ilikuwa Dar es Salaam, mwaka 2017, tangi la lita 240 la maji ya bahari. Chujio lile la mwani lilijengwa kwa sababu naitreti haikushuka chini ya miligramu 40 kwa lita hata nikibadilisha maji kila wiki, na kioo kilikuwa kinashika ukoga kila baada ya siku 3. Chakula cha samaki huishia kuwa naitreti na fosfeti, na mwani utavila tu, utake usitake. Kazi ni kuupa mahali panapoufaa kuliko kioo: mwanga mkali, maji membamba yanayokwenda mbio, na uso wa kushika ile sehemu yake ya chini ninayoiita mizizi. Walter Adey, mtafiti wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya chujio la aina hii mwaka 1982. Langu lilikuwa la maporomoko, yaani wavu unaning'inia wima na maji yanashuka pande zote mbili.

Ukubwa wa wavu haupimwi kwa lita za tangi. Unapimwa kwa chakula. Nilikuwa nalisha vipande viwili vya kamba waliogandishwa kwa siku, gramu 3 hivi kila kimoja, na kila kipande kinahitaji kama sentimita za mraba 75 za wavu unaomulikwa pande zote. Kwa hiyo wavu ukawa wa sentimita 15 kwa 10. Ulikuwa ule wavu mgumu wa plastiki wa kudarizia kwa nyuzi za sufu, na ukiwa mpya ni laini mno, mwani hauna pa kushika. Msasa hautoshi. Niliukwaruza kwa meno ya msumeno wa chuma, wima, mlalo, kisha mshazari, pande zote, mpaka ukipitisha kidole unahisi ulimi wa paka na zaidi. Hapo ndipo watu wengi huchoka mapema, halafu wanalaumu taa.

Bomba lilikuwa la plastiki la inchi moja, limezibwa upande mmoja. Mfereji wake, yaani ule ufa ambamo wavu unaingia na maji yanatokea, una upana wa milimita 3 na ni mrefu kuliko wavu kwa milimita 6, ili pembe za wavu nazo zipate maji. Nilitoboa matundu ya milimita 3 yaliyofuatana kwenye mstari, nikayaunganisha kwa kisu na kusawazisha kwa tupa. Kila sentimita ya upana inataka lita 50 na kitu kwa saa, hivyo sentimita 15 zilitaka karibu lita 780. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu usiiamini, hiyo ni kabla maji hayajapandishwa. Pampu yangu iliandikwa 1,500. Baada ya kupanda mpaka kwenye bomba, ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 92, yaani lita 783 kwa saa. Ilitosha barabara.

Kwenye taa nilipoteza jioni nzima. LED zilikuwa nyekundu za nanomita 660, wati 3 kila moja, 6 kila upande, zimebanwa kwa gundi ya kupitisha joto kwenye vipande vya alumini kutoka kwa fundi madirisha. Draiva, kile kifaa kinachozilisha LED umeme, ilikuwa ya miliampia 700, imeandikwa inaendesha LED 6 hadi 10, volti 18 hadi 34. Nikaunga 6 kwa mfululizo. Zikawa zinapepesa tu. Maandishi yale yanahesabu LED nyeupe au buluu, zinazokula volti 3 na ushee kila moja. Nyekundu ya 660 inakula kama 2.2, na 6 zinafika 13 tu, chini ya kiwango cha draiva. Nilipoziunga zote 12 kwenye mfululizo mmoja ilikuja kama volti 26, zikawaka bila kutetereka. Kabla ya kuwasha, pima kwa mita kama kuna nyaya inayogusa alumini.

Kati ya LED na wavu niliweka kioo, maana rasharasha ya maji ya chumvi hula viungio vya risasi. Juu ya mfereji nilifunika kwa kipande cha plastiki cheusi. Mwanga ukiingia mferejini, mwani unaota humo humo na maji yanachanika vipande vipande. Taa na pampu vilichomekwa kwenye soketi moja, ili pampu ikikosa umeme taa nayo izime isikaushe wavu. Waya wa kila kimoja ulishuka chini ya soketi kwanza ndipo ukapanda, tone likitambaa lidondoke sakafuni.

Wiki ya kwanza kilitokea kivumbi cha kahawia, basi. Wiki ya tatu wavu ukavaa utando wa njano, mgumu kama mpira. Hiyo ni dalili ya mwanga kuzidi: wavu mpya hauna mwani wa kuupokea, na mimi nilikuwa nimeweka taima ya taa iwake saa 18 kwa siku tangu siku ya kwanza. Nilikwangua utando kidogo kwa kadi ya plastiki, nikashusha hadi saa 10. Wiki ya tano nywele za kijani zikaanza kutoka kwenye mikwaruzo, si kwenye sehemu laini. Taima ikapanda saa 2 kila wiki. Ingekuwa weusi unaonata, dawa ingekuwa kinyume, kuongeza mwanga.

Kisha ukapendeza, nikauacha. Hilo ndilo lililoleta ile asubuhi. Mwani ukinenepa, mwanga haufiki kwenye mizizi, na maji nayo hupita juu yake. Mizizi inakufa, inaoza na kurudisha tangini naitreti na fosfeti zilizokuwa zimekwisha kukamatwa. Chujio la mwani halitoi chochote nje ya tangi mpaka mkono wako uutoe mwani. Wakulima wa mwani wa Paje, Unguja, wanalijua hili kwa njia yao: uliopitiliza kwenye kamba unakatika na kwenda na mawimbi.

Siku ile nilikwangua kilichobaki, nikabakisha zulia jembamba la kijani kwenye mikwaruzo. Tangu hapo ilikuwa kila baada ya siku 10. Wavu unachomolewa na kukwanguliwa kwenye beseni, kamwe si juu ya tangi, kisha unasuuzwa kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi ili vijidudu vinavyoula mwani vife. Dakika 5, unarudishwa. Kila vuno lilikuwa ngumi moja ya mwani uliokamuliwa. Miezi 3 baadaye kipimo cha naitreti kilisoma 10, na kioo cha mbele kikawa kinafutwa mara moja kwa wiki 2.